Waya iliingilia wapi

Juzi mtoto wangu wa mwisho alifungua kompyuta iliyokufa, akatoamo pete nyeusi iliyozungushiwa waya ya shaba. Akaigeuza huku na huku. "Mama, hii pete haina mlango. Waya iliingilia wapi?"

Nikamkumbuka fundi Yaya na karakana yake ya Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mwaka ule ampli, yaani kikuza sauti, ya kwaya ilipoungua.

Transfo ya ampli ile, yaani kifaa cha kubadilisha volti za umeme, ilikuwa ya pete. Nilizizoea zile za mabati yaliyopangwa, ambazo waya unaiviringa kando kwenye kibobini, kigurudumu cha kuzungushia waya, kisha bati unazichomeka baadaye. Pete haikubali hivyo. Yaya aliukata mzingo wa zamani uliokuwa mweusi kama makaa, akihesabu kila mzunguko na kuandika kwenye katoni. Kisha akachonga kijiti bapa chenye pengo kila ncha, akakijaza waya mpya, akaniita nikae mbele yake.

Kazi yangu ilikuwa kupokea. Yeye anapitisha kijiti katika tundu kutoka juu, mimi nakidaka chini, nakipandisha kwa nje, namrudishia. Waya isijikunje, vanishi inayoifunika isikwaruzike. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu, na kila tulivyojaza, tundu lilizidi kuwa dogo. Hakuhesabu waya ikipita nje. Alihesabu ikipita tunduni tu, kwa sauti ya chini, na ole wake mteja atakayemsalimia katikati ya hesabu.

Nilimuuliza kwa nini watu wajitese na umbo hili. Akachora duara kwa chaki mezani. Sumaku ya umeme, akasema, ndani ya pete inazunguka na kurudi ilikotoka. Haikutani na kiungo cha kuvujia. Ndiyo maana ampli nzuri haingurumi. Akaniambia pia kwamba mwaka 1831, huko London, Michael Faraday alizungushia pete ya chuma waya za shaba, mafungu mawili yasiyogusana, na kila alipounga au kukata umeme upande mmoja, sindano ikatikisika upande wa pili. Nilifurahi kusikia shaba. Sisi wa Lubumbashi tunaichimba, na siku ile niliona kwa mara ya kwanza inafanya nini.

Mengine yalikwenda haraka: karatasi ya kuzuia umeme, utepe, majaribio. Ila kabla ya kufunga, Yaya aliichukua buloni (bolti) ndefu iliyokuwa imeshika transfo katikati, akaninyooshea. Fundi aliyetangulia alikuwa ameirefusha hadi ikagusa kifuniko cha chuma juu, ili kisitetemeke. Chini iligusa sakafu ya boksi. Basi umeme ukapata njia: buloni inapita tunduni, kifuniko na kuta za boksi vinairudishia kwa nje. Huo ni mzunguko mmoja kamili, mnene, uliofungwa, na ndio uliopika transfo nzima.

Kiongozi wa kwaya alikuja kuchukua ampli yake, akaonyeshwa buloni. Akaikagua. "Lakini haikugusa waya hata moja," akasema. Yaya akamwambia ni kweli, haikugusa. Mzee akalipa, akashukuru, akaondoka bila kuamini, na mimi hadi leo sijapata maneno machache ambayo yangemtosha pale mlangoni.