Majina manne mwaloni

Hii ni 1994, mwezi wa tano, nipo darasa la nne tunakaa Kirumba, Mwanza, mama alikuwa anakaanga sangara na sato pale nje jioni, ghafla tu biashara ikafa. Redio zinasema maiti zinashuka na mto Kagera toka Rwanda mpaka ziwani, na Kagera yenyewe inamwaga kule upande wa Uganda, mbali na sisi, ila nani wa kumwelewesha mteja? Kila mtu ni samaki wamekula watu, samaki wamekula watu, yani hata paka wa jirani tukawa tunamwangalia vibaya. Tulikula maharage mpaka basi.

Humo humo akaletwa mama mmoja, mtu wa jumuiya mwenye ndugu Ngara ndo alimleta, wamepanda meli Bukoba. Alivuka daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, mwisho wa mwezi wa nne, pale watu kama 250,000 walipovuka ndani ya masaa 24, na waliokuwa wanamuwinda nao walikuwemo kwenye huo msafara, ndo maana kambi ya wakimbizi ya Benaco ilimshinda. Mume na watoto watatu hakuvuka nao. Mama alitukataza kuuliza. Tukamwita mama mdogo. Kila jioni rozari, kwa Kinyarwanda, taratibu, akimaliza anaosha vyombo vyote hata visivyo vichafu.

Jumapili moja tumetoka misa akamwambia mama, "Dada, nipeleke kwenye maji." Mama akajifanya hajasikia. Akarudia. Tukaenda mwaloni, mimi nyuma nimebeba ndala zao. Akaingia na kitenge chake mpaka magotini akaita majina manne, wala halii, anaita kama unavyoita watoto waje kula. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakaacha. Halafu akachota kwa viganja akanawa uso, maji ambayo sisi tulikuwa tunaogopa hata kufulia.

Njiani akauliza, "Dada, leo hukaangi?"

Mama akanunua sato wawili, bei ya kutupa. Mama mdogo akafanya ishara ya msalaba akaanza na kichwa. Mimi nilidonoa mkia tu, woga mtupu.

Yale majina, matatu ninayo mpaka leo. La nne limenitoka. Juzi nimemuuliza mama, na yeye halikumbuki.