Nasaba ya Dau

Usiku wa kuamkia leo nimejifunika shuka mbili. Upepo wa kusi unavuma siku ya tatu bila kukatika, na kwangu hiyo ndiyo kalenda. Kaskazi imekwenda zake, masika imekwisha kutuliza vumbi la hapa Malindi, na mimi nimeanza kuwatazama baji wangu, wale kasuku wadogo wa kufugwa, kwa jicho la mposaji.

Wafugaji wa Uingereza huwaoanisha ndege wao Novemba au Desemba. Wana sababu yao: kwa desturi pete za miguuni za mwaka mpya huanza kuvishwa Januari 1, na kinda aliyeanguliwa mapema ndiye atakayekuwa amekomaa siku ya maonyesho. Mwaka wangu wa kwanza niliwaiga. Nikatundika visanduku vya kutagia Desemba, chini ya mabati, katikati ya kaskazi. Jike alikuwa akitoka kisandukuni anasimama mlangoni, mbawa kaziachia, mdomo wazi, anahema. Mayai yakabaki peke yake. Nilipoyavunja baadaye nilikuta makinda yamekwisha kufanyika, yamefia humo humo.

Baji kwao ni nyika kavu za Australia. Porini hangojei mwezi wowote, hungoja mvua na mbegu za nyasi zinazofuata mvua. Huku kwetu karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumwambia ndege chochote, kwa hiyo inabidi mimi ndiye nimpe habari. Tangu wiki tatu zilizopita nawapa uwele uliolowekwa ukachipuka, yai la kuchemsha lililopondwapondwa, na majani ya mlonge. Mifupa ya dome, yule wa jamii ya ngisi, siinunui. Naiokota ufukweni, naichemsha, naianika juani mpaka ipoteze harufu ya bahari, kisha naichomeka kwenye nyaya za tundu. Majike wameshaanza kuitafuna kwa pupa, na huo ni ujumbe mzuri, maana gamba la yai halitoki hewani.

Basi leo asubuhi, baada ya chai, nimeweka meza barazani na lile tundu dogo la vijiti viwili. Ndege mmoja mmoja. Namwingiza, nakaa kimya, simgusi. Ndege aliyeshikwa mkononi hudanganya, na aliye bandani kati ya wenzake hudanganya pia. Akiwa peke yake kijitini, baada ya dakika tano za kutulia, ndipo anajisema. Natazama anavyosimama: wima, amelala nyuma kidogo tu, kama nyuzi 30 kutoka wima kamili. Natazama kichwa, kiwe kipana, paji linyanyuke juu ya mdomo lisiwe limeteremka, kisogo kiungane na mgongo bila shimo. Natazama madoa ya kooni, sita, ya duara, yamekaa kama shanga, mawili ya pembeni yakiwa yamefunikwa kidogo na mashavu. Kwa vipimo vya Waingereza baji wa maonyesho anatakiwa awe milimita 216 toka utosini hadi ncha ya mkia. Wa porini ni kama 180. Dau wangu ana 212, na sijapata mrefu kuliko yeye.

Dau ni wa kijani. Nilimleta kutoka Mombasa akiwa kinda, kwenye kikapu, nimempakata garini njia nzima. Ana kichwa ambacho kila mgeni akiingia hapa hukiona kwanza. Na mjukuu wake Shani amekirithi kichwa kile kile, kama amekikopa.

Nilipomweka Shani kwenye tundu la mezani, binti yangu aliacha kufagia.

"Mama, huyu ndiye mzuri kuliko wote. Si umpe Dau?"

Sikumjibu. Nikamfungulia daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lakini kila ndege aliyewahi kuanguliwa nyumbani humu yumo, na namba ya pete yake, baba na mama, babu na nyanya. Akaweka kidole kwenye jina la Shani akaanza kupanda juu. Mama yake Shani: binti wa Dau. Baba yake Shani: mtoto wa dada yake Dau. Akapanda tena kwa njia nyingine, akafika pale pale. Akachukua jina la jike mwingine, wa samawati, naye akamfikisha kwa Dau. Majike watano wa bandani, wanne damu ya Dau.

Watu wa pwani tunajua kuulizana nasaba kabla ya posa. Wazee wanakaa ukumbini wanahesabu: huyu ni wa nani, na mama yake ni wa nani, walinyonya wapi. Mimi niliyelelewa katika mazungumzo hayo nimewachanganya ndege wangu mpaka banda zima limekuwa nyumba moja, kwa kupenda kichwa cha ndege mmoja.

Najua wako wafugaji wakubwa wanaomrudisha babu kwa mjukuu makusudi, ili kichwa kizuri kikae kisipotee. Siwalaumu. Mwenye majozi hamsini akipoteza mzao mmoja ana mingine arobaini na tisa ya kutazamia. Mimi nina majozi manne. Na nimeshajaribu: mwaka jana nilimpa Dau binti yake mwenyewe. Jike alitaga mayai sita, moja kila baada ya siku mbili kama ilivyo ada. Nikayamulika kwa tochi, manne yana mishipa myekundu, nikashangilia. Siku ya 17 niliweka yai moja sikioni nikasikia mlio ndani, mwembamba, kama msumari juu ya kioo. Siku ya 18, ndiyo siku ya kuanguliwa, nikaliweka tena sikioni. Kimya. Katika manne alitoka mmoja tu. Ule mlio sijausahau, na leo nilipokuwa namtazama Shani kijitini nilikuwa nausikia.

Kuna jambo la pili, na hili binti yangu hakuliona. Dau na Shani wote wana vidoa vyeusi utosini, mahali panapotakiwa pawe safi. Na wote wana manyoya mapana, marefu, mazito. Manyoya hayo ndiyo yanayofanya kichwa kionekane kikubwa, lakini ukioanisha mapana kwa mapana kizazi baada ya kizazi, ndege wanakuwa kama wamevaa koti la mtu mwingine. Wanakuwa wazito, manyoya ya nyuma yanaziba, mbegu haifiki, jike analalia mayai matupu. Ndege wawili wenye ila moja usiwaweke tundu moja hata wakiwa wazuri namna gani. Ila moja ya baba na ile ile ya mama ni ila iliyopigwa muhuri.

Kwa hiyo Dau nimempa Manjano.

Manjano si mrembo wa mezani. Nilimnunua miezi mitano iliyopita kwa sababu hana damu yoyote ya nyumbani humu. Kichwa chembamba kidogo, lakini mrefu, kifua cha kina, manyoya ya kubana. Nilimshika mkononi leo, nikampuliza tumboni manyoya yakafunguka: ngozi safi, hana mafuta ya kupita kiasi, na ule mfupa wa kidarini umekaa katikati ya nyama pande mbili sawasawa. Ngozi ya juu ya mdomo, penye pua, imekuwa ya kahawia na imekwaruza kama ganda la njugu. Jike akifika hapo yuko tayari. Ana mwaka na nusu, na kabla ya mwaka mmoja mimi simpi jike kisanduku.

Ni wa njano mtupu, macho mekundu. Rangi hii husafiri kwa njia yake: dume anaweza kuibeba asionekane nayo, jike hawezi. Akiwa nayo ameivaa. Maadamu Dau mwenyewe haibebi, watoto wake kwa Dau hawatakuwa na njano hiyo hata mmoja, lakini kila dume atakayezaliwa atakuwa ameificha. Hilo halinipi shida. Linalonipa shida ni kwamba njano hufuta madoa. Sijui Manjano ana madoa gani kooni, makubwa au kama punje za ufuta. Nimemwona kaka yake wa kijani kwa mwenyewe aliyeniuzia, ana madoa mazuri. Nimeegemea hapo. Najua pia kwamba makinda ya kwanza huenda yakawa na vichwa vidogo kuliko cha Dau, na nitasubiri kizazi kingine ndipo kirudi. Nimekubali kusubiri.

Shani nimempa Bahari, dume mdogo mwenye manyoya ya kubana na utosi safi kama karatasi, naye si wa damu ya karibu. Shani nilimpunguza manyoya ya nyuma kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo, binti yangu akimshika kwa kitambaa. Majozi mawili mengine yalijipanga yenyewe, sikuhangaika nayo.

Mchana nimevirudisha visanduku. Fundi seremala amevichonga kishimo sakafuni, maana sakafu bapa huwatanua makinda miguu. Nimetia unga wa mbao usio na dawa, na miguu ya meza nimeisimamisha kwenye mikebe ya maji na mafuta kwa ajili ya sisimizi, ambao wakimfikia kinda usiku mmoja unatosha.

Sasa ni baada ya magharibi. Manjano ameingiza kichwa kwenye tundu la kisanduku, akatoka na unga wa mbao mdomoni, akaingia tena mpaka mkia. Dau anagonga mbao kwa mdomo, kichwa kimevimba, anaimba chini chini. Nimeandika daftarini: Dau na Manjano, kisanduku cha 2, na tarehe. Yai la kwanza nalitazamia baada ya siku kumi hivi. Shani anaita kutoka tundu la pili yake, Bahari anamjibu, na binti yangu ameniomba safari hii yeye ndiye amulike mayai.