Nitajeni mimi

Tangu Jumanne kuna maneno yananizunguka kichwani. Wifi amejifungua salama, mtoto wa kiume, na baba watoto amerudi kutoka Kasulu na habari njema za mkataba wake, na bado nikiinama kufua nasikia sauti ile ile: "Wewe unasema kwa jina lako kwa sababu una pa kulala."

Mnakumbuka nilikokuwa karani, kwenye biashara ya dagaa na migebuka. Binti wa mama mdogo ameitwa huko kwenye usaili, akaja kuniuliza, "Dada, pale pakoje?" Nikamwambia. Mama bosi ni mwalimu. Daftari za mauzo ninazozishika leo, yeye ndiye aliyenifundisha, tukikaa hadi magharibi, na hakuwahi kunifokea nikikosea jumla. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, ghala lilikuwa tupu na hakumwachisha mtu kazi. Mshahara ulichelewa, ukaja.

Halafu nikamwambia na la pili. Kila mwezi tulikuwa tunakatwa mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini nilipokwenda kuomba taarifa yangu, miezi kadhaa haikuwemo. Kukatwa hakuna ubaya; mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi isiyozidi 10. Ubaya ni hela kutoka kwangu isifike inakokwenda. Nilifuatilia mpaka ikalipwa. "Kwa hiyo ukipata kazi," nikamwambia, "nenda kaangalie mwenyewe, usingoje uzee. Na wakikuuliza nani kakwambia, nitaje."

Akaulizwa. Akanitaja.

Jumanne niko soko la Mwanga napimiwa mawese, shoga yangu tuliyekuwa naye ghalani akatokea. Yeye bado yuko kule. Hata shikamoo ya yule mama muuza mawese hakuitoa.

"Ungesema tu umesikia. Jina la nini?"

"Nikisema nimesikia, watamtafuta aliyesema. Na watamtafuta kati yenu."

Akaniangalia. "Wewe unasema kwa jina lako kwa sababu una pa kulala."

Usiku ule nilimjibu kichwani mara nyingi, kila jibu kali kuliko lililotangulia. Nilimwambia nilikuwa na pa kulala hapo hapo nilipokuwa nakatwa. Nilimwambia jina langu ndilo lililonifanya nipime maneno: zile habari za mama bosi na ndugu zake, ambazo ghala zima lilizijua na hakuna aliyeziona, sikumpa yule binti hata moja, kwa sababu nisingeweza kuzisimamia mbele ya mwenyewe. Ningejificha, pengine ningezisema. Na hayo mazuri yake, nani angeyaamini kama yangetoka kwa mtu asiyejulikana? Wangesema katumwa.

Lakini kila nikifika mwisho wa majibu yangu, neno lake linabaki pale pale, na juzi nikaacha kupigana nalo. Ni kweli nina pa kulala. Baba watoto ana mshahara. Cheti changu cha utumishi ninacho kabatini. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka, na mimi nilipewa, hakuna atakayeninyima leo. Yeye analea watoto watatu peke yake, na kodi ya chumba inatoka kwenye kazi ile ile. Sasa kati yetu wawili, nani aseme? Nikinyamaza mimi niliyekwisha toka, nikijificha nyuma ya "nimesikia", macho ya ofisi yataangukia kwake, ambaye hajasema kitu.

Na kuna kipande cha mazungumzo nilikuwa nakiruka kila nikiyarudia. Kabla hajaondoka nilimuuliza, "Wewe taarifa yako ya NSSF umeiangalia?" Hakujibu. Alichukua chenji yake, akaihesabu mara mbili, akaenda. Hasira zangu zote ziliishia hapo, nilipokikumbuka. Hajaangalia. Anaogopa akiangalia atakuta nini, na akikuta, itambidi aseme, na kodi je?

Nimemtumia ujumbe jana kwamba taarifa ni yake, ofisini anaiomba mwenyewe na mwajiri hahitaji kujua. Nikamwambia nitakwenda naye siku atakayotaka, nitamshikia mtoto nje. Ameusoma.

Binti wa mama mdogo amepata kazi, anaanza Jumatatu. Nimefurahi kwa ajili yake kwa moyo wangu wote, pale atajifunza.

Bibi Ujiji ameacha tena dawa za presha, anasema anajisikia nafuu kwa hiyo azitunze. Shangazi anamwitikia tu. Kesho asubuhi napita huko nikavihesabu vidonge mwenyewe, maana mara ya mwisho alipofanya hivi alianguka uani na hakuna aliyeniambia mpaka siku ya pili.