Laini ya Kenya ikifika ng'ambo: zima data kabla hujavuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda

Ukienda umra, ukienda Muscat kuwatazama jamaa, au ukitoka Malindi kwenda Italia kwa miezi mitatu, laini yako ya Kenya ina kazi moja tu huko uendako: kupokea ujumbe. Namba ya siri ya mara moja inayotumwa na benki, taarifa ya M-Pesa, SMS ya mwanao anayeuliza kama umefika salama. Intaneti na maongezi yatoke kwingine, yaani laini ya nchi uliyofikia, eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu) au waifai. Mwenye kuzitenganisha kazi hizi mbili hapati hasara. Anayeiachia laini moja kazi zote ndiye anayerudi akisema kampuni imemwibia, na mara nyingi haikumwibia. Simu yake ndiyo iliyotumia, naye amelala.

Fahamu kwanza pesa zinakwendaje. Ukishuka Jeddah na kuwasha simu, inatafuta mnara ulio karibu, na mnara huo ni wa mtandao wa Saudia. Mtandao huo unauliza kampuni yako ya Kenya: namba hii ni yenu, na ana ruhusa? Ukikubaliwa, kila dakika na kila megabaiti inaandikwa huko. Wenyeji wanaidai kampuni yako, nayo inakudai wewe kwa bei ya romingi, yaani bei ya kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine. Bando la kawaida ulilonunua pale Lamu, Usita wa Mui, halisafiri nawe. Likiwa limebaki GB tano, litabaki vivyo hivyo huku salio lako likiliwa.

Mwenye laini ya kulipa kabla ana kinga moja: salio likiisha, mambo yamesimama. Mwenye laini ya kulipa mwisho wa mwezi hana kinga hiyo, na hesabu kutoka ng'ambo huweza kuchelewa kufika Kenya, kwa hivyo anaweza kutumia siku kadhaa bila kuona dalili yoyote mpaka bili ije. Huyu aombe kampuni imwekee kikomo cha matumizi kabla ya safari.

Kabla ya kuondoka ulizia mambo matatu kwa nchi unayokwenda: bei ya megabaiti moja, bei ya kupokea simu kwa dakika, na wanahesabu kwa kipimo gani. Wengine wanahesabu dakika nzima hata ukisema "haloo" ukakata. Bei ya data nayo hutajwa kwa megabaiti ili ionekane ndogo. Tuseme megabaiti ni shilingi 10. GB moja ina megabaiti 1,024, yaani shilingi 10,240, na simu inayojisasisha usiku inaweza kuimaliza GB hiyo peke yake.

Sasa simu yenyewe. Kazi hii ifanywe nyumbani, umekaa, si kwenye foleni ya uhamiaji. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kimoja ni huduma ya romingi iliyoko kwa kampuni. Hii iache wazi, maana ikifungwa laini haitashika mtandao wowote ng'ambo na hutapata ujumbe wa benki. Cha pili ni kitufe cha data ya romingi kilichomo ndani ya simu. Hiki ndicho cha kuzima. Kwenye Android ingia mipangilio, kisha mtandao na intaneti, kisha SIM, uchague laini yako ya Kenya. Kwenye Samsung ni miunganisho, kisha mitandao ya simu. Kwenye iPhone ni ukurasa wa data ya simu, halafu laini husika. Ukishakizima, zima na data yenyewe ya laini ile. Ukifanya yote mawili, kimoja kikiwashwa kwa bahati mbaya cha pili bado kinakulinda.

Simu za laini mbili zina mtego wa tatu, nao ndio unaowapata hata wajuzi. Umetia laini ya Saudia nafasi ya pili na umeichagua iwe ya data. Ndani ya simu kuna kitufe cha kuhamisha data chenyewe: laini moja ikidhoofika, au ukiwa unaongea kwa laini nyingine, simu inachukua intaneti ya laini ya pili bila kukuuliza. Kwenye Samsung kiko ndani ya kidhibiti cha SIM, na kwenye iPhone kiko chini ya ukurasa wa kuchagua laini ya data. Kizime. Ukikiacha wazi, na data ya laini ya Kenya nayo iko wazi, utakuwa umenunua laini ya Jeddah bure, kwa sababu ukiingia ndani ya hoteli yenye kuta nene simu itarukia ya Kenya.

Halafu kuna sanduku la sauti (voicemail), yaani pale mpigaji anapoacha ujumbe usipopokea, nalo linaweza kukulipisha mara mbili. Mtu wa Lamu anakupigia, simu inalia ukiwa Dubai, wewe huipokei. Simu hiyo imeshakufikia ng'ambo. Sasa inageuzwa irudi Kenya kwenye sanduku la sauti. Unaweza kudaiwa safari ya kuja na safari ya kurudi, na hukusema neno. Simu iliyozimwa haina tatizo hili, kwa kuwa mpigaji anageuzwa akiwa bado Kenya. Dawa yake ni kupiga ##002# ukiwa bado nyumbani. Hiyo inafuta kila aina ya kuelekeza simu. Ukitaka kuhakikisha, *#62# inaonyesha simu zinakwenda wapi usipopatikana, na *#21# inaonyesha kama zote zinaelekezwa kwingine.

Waambie watu wa nyumbani wazi kabisa: mtu aliyeko Lamu akikupigia kwa laini yako ya Kenya analipa bei yake ya kawaida, na wewe ukipokea unalipa sehemu ya ng'ambo. Yeye haoni tofauti, ndiyo maana mama atakaa nusu saa akikupa habari za harusi. Mpangane akupigie akate, kisha umrudishie kwa WhatsApp. Kupokea SMS kwa kawaida hulipishwi, lakini kutuma unalipa.

WhatsApp usiibadilishe namba. Ukitia laini mpya itakuuliza kama unataka kutumia namba mpya. Kataa, endelea na ya Kenya, itafanya kazi juu ya intaneti yoyote. Ndani yake ingia hifadhi na data, na pale penye romingi toa alama kwenye picha, sauti, video na hati. Makundi ya familia yanayorushiana video za Maulidi yanaweza kula megabaiti mia kabla hujaamka. Picha zinazojihifadhi zenyewe kwenye Google Photos au iCloud ziambie zingoje waifai, na programu zijisasishe kwa waifai tu. Pakua ramani ya mji unaokwenda ukiwa nyumbani. Kwa wenye iPhone: ukiwasha laini mpya, iMessage hutuma SMS moja ya siri nchi za nje ili kujisajili, na huenda ukatozwa. Izime mpaka urudi kama huihitaji.

M-Pesa inahitaji uangalifu wa peke yake. Menyu iliyo ndani ya laini haitumii intaneti. Inatuma ujumbe, na ng'ambo ujumbe huo unaweza kutozwa. Acha shilingi 100 au 200 za salio, zisipungue sana wala zisizidi, na uwakataze watoto kukutumia salio la 1,000 kwa mapenzi. Programu ya M-Pesa na ya benki ingia nazo na uzijaribu kabla ya kusafiri, maana baadhi ya programu hizi hutaka kuthibitisha laini upya, na kuthibitisha ukiwa mbali ni taabu.

Majina yote kwenye simu yaandike kwa +254, bila sifuri. Ukiwa na laini ya Italia ukapiga 07, unatafuta namba ya Italia.

Laini ya nchi unayofikia inunuliwe dukani au kwenye kibanda rasmi cha uwanjani. Saudia watataka pasipoti na alama za vidole. Usinunue ya mitaani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata ikiwa nusu ya bei. Ikifungwa siku ya tatu huna wa kumlilia, na wakati huo ndipo unapoitaka Nusuk, programu ya Saudia ya mahujaji, kwa kibali cha kuingia Rawdha katika msikiti wa Mtume, Madina. Wazee wanaokwenda na vikundi mara nyingi hukodisha hotspoti ya kijana mmoja. Inafaa, ila kijana akipotea Mina na simu imemzimikia, wote wamekatika. Kila mzee awe na laini yake.

Falme za Kiarabu zina jambo la kujulikana mapema: meseji za WhatsApp zinapita, lakini simu zake za sauti na video zimezuiwa. Msafiri anajaribu, inakataa, anahamaki, anapiga kwa laini ya Kenya. Hapo ndipo pesa zinapokwenda. Mpangane na nyumbani kutumiana ujumbe wa sauti, au ununue laini ya huko yenye dakika za nje.

Watu wa Malindi waendao Italia wana nafuu. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya hutumika nchi nyingine za Umoja bila nyongeza ya romingi, mradi matumizi yasizidi kiasi. Ukinunua laini Roma unaweza kwenda nayo Paris. Lakini sheria hiyo ni ya laini za huko. Laini yako ya Kenya haimo. Uswisi nayo haimo, na ukitoka Milano kwenda kaskazini mpaka uko karibu sana, basi zima data kabla ya treni kuuvuka.

Ukichagua eSIM, piga *#06#. Ukiona namba ya EID, simu yako inaikubali. Itie ukiwa na waifai ya nyumbani, kwa sababu kuitia kunahitaji intaneti, na usiifute ukidhani utaitia tena, maana nyingi hutiwa mara moja. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: eSIM ya safari yenyewe iko kwenye romingi, kwa hivyo kitufe cha data ya romingi unakiwasha kwenye eSIM na unakizima kwenye laini ya Kenya. Simu ya mkopo ijaribu kwanza kwa kutia laini ya kampuni nyingine hapa hapa. Ikiikataa, imefungwa, na ya Jeddah itakataa vilevile.

Mipaka yetu ya karibu inastahili hadhari kuliko inavyopewa. Anayekwenda Kiunga au Ishakani yuko jirani na Somalia, na anayepita Lunga Lunga kuelekea Tanga simu yake huweza kushika mnara wa Tanzania akiwa bado upande wa Kenya. Huwezi kutegemea saa ya simu ikuamshe, maana Kenya, Somalia, Tanzania na hata Saudia zote ziko saa ile ile. Tazama jina la mtandao juu ya kioo. Unapokaribia mpaka, ingia mipangilio ya mtandao, toa uchaguzi wa kujiendesha, chagua mtandao wako kwa mkono. Mtandao ukikosekana, heri ukosekane. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa eneo moja la mtandao, na Sudan Kusini ikajiunga nazo, ukapunguza gharama za simu za sauti. Tanzania haikuwemo katika mwanzo ule, kwa hivyo usiende Tanga kwa hesabu za Kampala.

Ndegeni na melini weka hali ya ndegeni mpaka ufike. Baadhi ya ndege na meli zina mnara wao unaotumia setilaiti, na bei yake kwa kawaida haimo kwenye bando lolote la romingi. Vijana wanaofanya kazi melini walijue hili zaidi: simu mfukoni ikijiunga na mnara wa meli na data iko wazi, mshahara unaingia humo. Kwenye viwanja vya kubadilisha ndege tumia waifai ya uwanja. Ikitaka kukutumia namba ya siri, itafika kwa SMS kwenye laini ya Kenya na data yake ikiwa imezimwa.

Ukigundua salio linakwenda, weka hali ya ndegeni papo hapo, halafu piga picha ya kioo: ukurasa wa matumizi ya data ya kila laini, ujumbe wa makaribisho wenye bei, saa na tarehe. Ondoka hapo ukiwa na ushahidi. Andika kwa kampuni yako kwanza na uombe namba ya lalamiko. Wasipokujibu au ukiona jibu halikuridhishi, peleka lalamiko hilo pamoja na namba yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wateja yaliyoshindikana kwa kampuni. Picha ya kitufe cha data kikiwa kimezimwa ndiyo yenye nguvu kuliko maneno yote.

Ukirudi, rudisha uchaguzi wa mtandao uwe wa kujiendesha, la sivyo simu itakuambia hakuna mtandao uwanjani Mombasa na utadhani laini imekufa. Washa data ya laini ya Kenya, rudisha sanduku la sauti kama ulikuwa ukilitumia, na wenye bili ya mwisho wa mwezi wakague bili mbili zinazofuata, kwa sababu gharama za siku ya mwisho ya safari huweza kuonekana kwenye ile ya pili.