Andika '0644', usiandike 644

Jamani kama unatumia Ansible (programu ya kupanga seva nyingi kwa mpigo) na faili zinatua kwenye seva na ruhusa za ajabu ajabu, kabla hujakimbilia chmod 777, amri inayomfungulia kila mtu ruhusa zote, hebu fungua ile faili yako ya YAML, yaani yale maelekezo unayoipa Ansible, uangalie mstari wa mode, ndo unaopanga ruhusa. Nasema hivi kwa sababu wiki hii dogo mmoja wa hapa Langoni, anatunza seva ya buking za gesti kadhaa mjini Lamu, kaniletea laptopu yake saiti yote inatoa 403, yaani umekataliwa ruhusa, nikapiga ls -l kuona ruhusa za faili tukakuta hii:

--w----r-T 1 www-data www-data

Itazame vizuri. Mwenye faili, yaani www-data ambaye ndo nginx yenyewe (programu inayotoa kurasa za saiti), anaweza kuandika tu kusoma hawezi, halafu mtu baki ndo anaruhusiwa kusoma! Sasa binadamu gani ataweka ruhusa kama hizo kwa kutaka? Kumbe kwenye YAML kulikuwa na mode: 644, bila sifuri mbele wala alama za nukuu, na Linux ruhusa zake zinahesabiwa kwa msingi wa nane lakini YAML ikiona 644 tupu inaichukua ni mia sita arobaini na nne ya kawaida, ukiigeuza kwenda msingi wa nane unapata 1204, ndo hiyo hapo juu. 755 nayo inageuka 1363. Dawa yake ni mode: '0644', na hizo nukuu usiziache.

Dogo alikuwa anabisha kwamba faili inasomeka vizuri, maana akipiga sudo cat, yaani kuisoma kama root, mkuu wa mashine, inafunguka. Ndugu yangu, root hazuiliwi na ruhusa hizi, kwa hiyo hiyo si testi. Pima kwa yule mwenye shida: sudo -u www-data cat halafu jina la faili.

Na kama faili iko sawa bado inagoma, piga namei -l na njia yote ya faili, uone ruhusa za kila folda njiani. Folda bila x, ile ruhusa ya kupita, hupiti, ni kama nyumba zetu za hapa, huwezi kufika ndani kama mlango wa daka, kile kibaraza cha kuingilia, umefungwa hata ukiwa na ufunguo wa chumba. Ubuntu tangu 21.04 inatengeneza home mpya (folda ya kila mtumiaji) na 0750, yaani mtu baki hana ruhusa yoyote, kwa hiyo ukiweka saiti ndani ya /home nginx inaishia mlangoni.

Hii 777 inaniuma kweli. Seva kama ile ina kopi za pasipoti za wageni, watu wametuamini nazo, na 777 maana yake programu yoyote kwenye mashine ile inaweza kuzisoma na kuziandika juu. Kama ulishaiweka usihangaike kuingia kila seva kwa mkono, rekebisha YAML, run kwanza na --check --diff uone nini kitabadilika, halafu run yenyewe, Ansible itarudisha ruhusa za faili zote zilizotajwa kwenye YAML hiyo.