Nilivyoikomesha kutu kwenye bomba la gesi la shule hapa Moshi

Naandika hii nikiwa na furaha nyingi na hasira kidogo. Hasira ni kwa ushauri waliopewa hawa watu kabla sijafika, ushauri wa kuua kabisa, na bado kuna mafundi wanautoa hapa mjini mpaka leo.

Shule ni ya bweni, iko huku chini ya mji ukishavuka reli kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, jina nalihifadhi. Walihamia kwenye gesi zamani, hata kabla serikali haijasema taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Mitungi mikubwa iko kwenye kibanda nyuma ya stoo, kutoka hapo paipu ya chuma ya inchi moja na nusu inapita chini ya ardhi, inakatiza chini ya parking iliyowekwa pavingi, inaambaa na bustani ya mboga halafu inaingia jikoni, mita arobaini hivi. Mama mpishi ndo alikuwa anasikia harufu, na kila akisema anajibiwa kwamba kuna jiko halijazimwa vizuri. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kulala mabondeni, kwahiyo ilikuwa inajikusanya kwenye mtaro wa nje ya jiko ambapo watoto wanapanga foleni na sahani zao. Nikiliwaza hilo mpaka leo moyo unashtuka.

Sasa sikia walichoshauriwa. Fundi wa kwanza alikata kipande kilichooza pale chini ya pavingi, akachomelea kipya, akafukia. Kile kipande kipya hakikumaliza hata miaka miwili, kikatoboka, na ya zamani pembeni yake nzima! Watu wakaanza kusema chuma cha siku hizi ni feki. Hapana jamani. Chuma kipya kinachong'aa ukikiunga na cha zamani chenye magamba ya kutu, kile kipya ndo kinaliwa, kwasababu vikiwa ndani ya udongo wenye maji vinakuwa betri na kipya kinakuwa upande unaotoa. Mwingine akawaambia chukua skejuli 80, yaani paipu nene zaidi, hiyo ni kununua muda tu. Mwingine akasema zika masufuria mabovu ya alumini karibu na bomba uyafunge waya, na alumini ikiwa kwenye udongo inajifunika utando wake yenyewe inaacha kutoa umeme, haisaidii kitu. Halafu akaja bingwa wa umeme akalifunga bomba kwenye rodi ya ethi ya jenereta, waya wa kopa mnene safi kabisa. Huyu ndiye aliyemaliza kazi. Kopa na chuma kwenye udongo mmoja vikiunganishwa kwa waya, chuma kinaliwa kuilinda kopa.

Haya mambo niliyajua kule kusini, nilikuwa msaidizi wa fundi wa anodi (vile vipande vya metali vinavyozikwa na kuunganishwa na bomba ili viliwe vyenyewe badala ya bomba) kipindi lile bomba la gesi la Mtwara kuja Dar linajengwa, la inchi 36, lililozinduliwa 2015. Yule mzee alikuwa kila asubuhi kabla ya kazi anatupa kisa kimoja. Natchitoches, Louisiana, mwaka 1965, bomba la gesi lilipasuka watu 17 wakafa, na chanzo kilikuwa nyufa nyembamba zilizoota kwenye chuma, kutu na mgandamizo wa gesi vikisaidiana. Carlsbad, New Mexico, mwaka 2000, watu 12 waliokuwa wamepiga kambi wakafa, pale kutu ilikula kwa ndani sehemu maji yanapotuama. Alituonyesha na namna ya kuutafuta ufa ambao jicho halioni: unasafisha chuma, unapaka rangi nyeupe nyembamba, unaweka sumaku, unamwagia wino wenye vumbi la chuma, na hapo hapo unaona vistari vyeusi vimejipanga kufuata urefu wa bomba, vingi, kama kundi. Mi tangu siku ile sichezei bomba lililofukiwa.

Basi nikafukua. Mkanda mweusi ulikuwa umefungwa lakini umeachia, ukiubonyeza unasikia maji chini yake yanacheza. Nikaupasua kwa kisu. Yakatoka maji, chini yake kuna uji mweusi, nikakwangua, na kwenye tumbo la bomba kabisa, upande unaolalia udongo, kuna kishimo cha milimita tano sita hivi, kingo zake kali, katikati kimetoboka. Sentimita kumi pembeni chuma kizima kabisa, bado kina alama za kiwandani. Hivyo ndo kutu ya ardhini inavyokula, inachagua pa kutoboa, kwahiyo usije ukapima unene sehemu moja ukasema bomba liko salama. Na pale palikuwa na sababu: chini ya pavingi hewa haifiki vizuri ila bustanini inafika, sehemu yenye hewa kidogo ndo inaliwa. Afu mama mpishi akaniambia kitu ambacho fundi yeyote angekiuliza kingemsaidia, kwamba hapo kabla ya pavingi ndipo walipokuwa wanamwaga majivu enzi za kuni, miaka na miaka. Majivu yana chumvi, yakilowa yanapitisha umeme vizuri sana, na udongo wa huku chini wenyewe una magadi. Nilipima kwa mita ya ethi ya pini nne ikatoka kama ohm-mita 15, yaani umeme unapita kirahisi, udongo mkali huo.

Sasa kupima voltage ya bomba kunahitaji kifaa cha kulinganishia, na cha dukani kwanza hakipo hapa, pili bei yake utaghairi. Hapa ndo nilipofurahi mwenyewe. Kifaa chenyewe ni kopa iliyozama ndani ya maji ya mrututu (kopa salfeti), basi. Mrututu! Wazee wetu wa kahawa huku wameupulizia miaka yote, duka la pembejeo wanakupimia mfuko kwa hela ya soda mbili tatu. Nikachukua kipande cha paipu ya plastiki, chini nikaziba kwa kigingi cha mti wa mgrevilea nilichokichonga kikaingia kwa kubana, nikakiloweka usiku kucha kinyonye. Ndani nikaweka waya mnene wa kopa nilioupiga msasa ukang'aa, nikajaza maji ya mrututu yaliyokolea mpaka chenga nyingine zinabaki chini haziyeyuki, hizo chenga zikiisha kipimo kinadanganya. Nikatengeneza viwili. Ukivisimamisha kwenye ndoo moja ya maji ukavipima kimoja kwa kingine vinatakiwa visitofautiane zaidi ya milivolti chache, vyangu vilikaa vizuri. Tumia mita ya dijitali, ile ya mshale inanyonya umeme inaharibu kipimo. Waya mwekundu kwenye bomba, mweusi kwenye kifaa, kigingi unakisimika kwenye udongo uliolowa juu ya bomba.

Namba unayoitafuta ni volti hasi 0.85 au zaidi ya hapo kwenda hasi, aliitoa Robert Kuhn mwaka 1928 alipokuwa analinda mabomba ya gesi New Orleans, na mpaka leo dunia nzima inaitumia. Mi nilisoma hasi 0.38. Chuma peke yake udongoni huwa hasi 0.5 mpaka 0.6, kwahiyo 0.38 inakwambia kuna kopa au nondo za zege zimeshikana na hilo bomba.

Nikabadilisha sehemu iliyooza (gesi imefungwa, laini imepulizwa na naitrojeni, hilo sihitaji kueleza), nikafunga mkanda mpya vizuri, nikaweka yunioni ya kukata umeme pale bomba linapotoka ardhini kuingia jikoni, na nyingine upande wa mitungi. Yule wa umeme akapiga kelele kwamba naondoa ethi. Nikamwambia kaka, ethi ya jikoni inabaki upande wa jikoni na ya mitungi upande wa mitungi, kinachokatwa ni kile kipande cha chini tu. Halafu nikazika anodi mbili za magnesiamu, zinatoka na mfuko wake wa jasi na udongo wa bentonaiti, nikaagiza Nairobi, na nauli na usumbufu zikafika laki tatu na ushee kila moja. Jasi ya kuongezea nilipata ya Makanya.

Kuunganisha, inasoma hasi 0.68. Imegoma hapo.

Mwingine angesema si imepanda, inatosha, fukia. Lakini kwenye mabomba makubwa ya mgandamizo mkubwa, kuanzia kama hasi 0.60 mpaka 0.75 ndo eneo linalopendwa na zile nyufa, hasa kama chuma kina joto, ulinzi nusunusu unaweza kukuletea balaa jingine. Bomba la jikoni halina mgandamizo wa kupasuka hivyo, ila sikuweza kuondoka. Nikapima pande mbili za yunioni ya jikoni, zinasoma sawasawa! Maana yake yunioni haikati, kuna njia ya pembeni. Nikaifungua, iko sawa, washa zake nzima. Nikafuata bomba kwa mkono toka linapochomoza, inchi kwa inchi, na chini ya yunioni, nyuma ya lile sinki la kuoshea masufuria, nikakuta klempu ndogo imepakwa rangi pamoja na ukuta, imefungwa kwa bolti iliyochimbwa mpaka kwenye nondo za msingi. Nondo ndani ya zege zinakaa kwenye hasi 0.2, 0.3 hivi, na msingi wa jengo zima una nondo ngapi? Anodi zangu zilikuwa zinalisha jengo zima!

Nikaikata kwa grainda, nikaweka kipande cha raba na klempu ya plastiki. Mita ikaruka hapo hapo mbele ya mhasibu, 0.80, 0.86, kesho yake asubuhi ikawa hasi 0.94. Nikachomoa waya wa anodi nikasoma sekunde ileile ili nipate ya kweli, 0.89. Mama mpishi alinishika mkono akasema Mungu akubariki mwanangu, na mi nilikuwa karibu kulia.

Ndani sikuwa na wasiwasi, gesi hii ni kavu. Ila bomba lako likiwa linapitisha kitu chenye maji ndani, anodi ya nje haifiki huko.

Waya wa anodi nimeuleta kwenye kiboksi ukutani, mlinzi nimemfundisha kupima na anaandika kwenye daftari. Anodi hizi zina kilo 7 na ushee kila moja, na mbili zikigawana miliampea 40 hivi, kwa hesabu ni zaidi ya miaka 20. Nimewaomba kitu kimoja tu, fundi yeyote akija kufunga jenereta, tenki au geti jipya, wapime kabla na baada. Namba ikirudi 0.6 wasimlipe mpaka aonyeshe ameshikisha wapi.