Nilivyoitafuta zebaki kwenye taa kwa leza ya kijani

Baba mdogo anavua dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Karabai aliziacha zamani. Siku hizi usiku wa giza anaingia ziwani na taa za LED za betri. Likizo iliyopita nilimkuta amewatimua watoto waliokuwa wakichezea tyubu na balbu za enaji seva zilizoungua nyuma ya banda. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe unafundisha fizikia. Zipi humu zina zebaki? Na hizi zangu za ziwani je?" Zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, anaijua, ana ndugu wanaoitumia kuchenjua dhahabu Geita.

Taa iliyoungua haiwaki, kwa hiyo niliomba nzima moja ya kila aina. Mvuke wa kila elementi ukiwaka hutoa mistari ya rangi mahali pake maalumu, na zebaki ina mstari wa buluu kwenye nanomita 436 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Nilichukua boksi la viatu, nikabandika nyembe mbili zilizoachana kidogo sana mwanga upite, na upande wa pili kipande cha DVD nilichokibandua utando wake unaong'aa, ili kitenganishe rangi za mwanga. Kamera ya simu ikachungulia hapo.

Mistari ilionekana mara moja. Kazi ilikuwa kuipima. Rula yangu ya kwanza, yaani rangi nilizodhani najua namba zake, ilikuwa leza mbili za dukani, ya kijani 532 na nyekundu iliyoandikwa 650, nikizielekeza kwenye karatasi nyeupe ili boksi lipokee mwanga uliotawanyika (leza haiangaliwi kwa jicho hata kidogo). Buluu ya tyubu ikasoma 443. Siku mbili nilihangaika, nikidhani boksi limepinda.

Kumbe ni ile nyekundu. Leza nyekundu za bei rahisi hutofautiana moja na nyingine, tena hubadilika kwa joto. Ya kijani hutokana na fuwele inayotoa 1064, kisha urefu wa mawimbi hayo hukatwa nusu. 532 yake ni ya kuaminika. Nyekundu nikaiweka kando, nikanyunyiza chumvi kwenye moto wa spiriti: njano ya sodiamu, 589. Kwa rula hiyo mpya buluu ilikaa 436, kwenye tyubu na kwenye enaji seva pia. Mstari wa kijani sikuutegemea, maana zebaki iko 546 lakini unga mweupe wa ndani ya taa mara nyingi una terbiamu, elementi nyingine inayong'aa karibu na 544, na boksi langu haliwezi kuzitenganisha.

Taa za ziwani hazikuwa na mstari hata mmoja. Buluu pana karibu na 450, kisha kijani na njano iliyosambaa hadi nyekundu. Hakuna mvuke wa zebaki.

Baba mdogo alizikusanya tyubu bila kuzivunja, akazifungia kwenye pipa lenye kifuniko. Kisha akatoka stoo na karabai ya zamani, akagusa kile kifuko cheupe kinachong'aa. "Na hii?" Vifuko vingi vya zamani vilitiwa thoriamu, ambayo ina mionzi. Hiyo boksi langu haliioni. Nimeshaanza kuulizia kipima mionzi cha kuazima.